Kuwashirikisha watu wazima katika mafunzo ya kazini: mwongozo kamili kwa mkufunzi

Mtu mzima anayekaa kimya kwenye mafunzo ya kazini, akichezea simu chini ya meza na kutazama saa kila mara, kwa kawaida si mvivu wala hana dharau. Bado hajaona jinsi anachoambiwa kinavyohusiana na kazi inayomsubiri kesho asubuhi. Wakufunzi wengi hulikabili tatizo hilo kwa kuongeza vichekesho, nyimbo za kuchangamsha na slaidi za rangi nyingi, na washiriki huamka kwa dakika chache kisha hurudi walikokuwa. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Msimamo wake ni kwamba mtu mzima hushiriki anapoona mambo mawili: kwamba anachojifunza kitamfaa katika zamu inayofuata, na kwamba yale anayoyajua tayari yanahesabiwa.

Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo: mafunzo kwa mafundi na waendesha mitambo wa kiwanda cha vinywaji kuhusu kuifungia mashine kwa kufuli, yaani kukata nguvu yake na kutia kufuli kwenye swichi kuu ili mtu asiiwashe, kabla ya kuisafisha au kuitengeneza. Nimelichagua somo hili kwa sababu karibu kila fundi mzoefu huamini kwamba analijua, na kwa sababu kosa moja tu linaweza kumgharimu mtu mkono au uhai. Nchini Tanzania mambo haya yanaangukia chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Hatua zenyewe zinafaa pia kwa jiko la hoteli, kaunta ya benki au wodi ya hospitali.

Hatua ya kwanza: Nenda kwenye kazi kabla ya kuandaa somo

Omba ruhusa ya kukaa na zamu moja nzima, ikiwezekana ile ya usiku, kwa kuwa mengi yasiyoonekana mchana hufanyika wakati huo. Tazama kazi inavyofanyika kweli, hata kama kitabu cha taratibu kinaeleza vingine. Unaweza kukuta kwamba chupa ikikwama kwenye mkanda, mwendeshaji hubonyeza kitufe cha kusimamisha na kuingiza mkono papo hapo, bila kukata umeme kwenye swichi kuu. Hatari ikiwa mbele ya macho yako, isimamishe. Lakini usimkemee mtu mbele ya wenzake wala usiandike jina lake. Baadaye, kwa utulivu, muulize ni nini kinachomfanya achague njia hiyo. Huenda akakwambia kwamba swichi kuu iko mbali, au kwamba makufuli yamefungiwa ofisini kwa msimamizi ambaye huondoka jioni, au kwamba mashine ikizimwa kabisa huchukua muda mrefu kurudi katika hali ya kawaida na lengo la uzalishaji la zamu halitafikiwa.

Majibu hayo ndiyo malighafi ya mafunzo yako. Aidha, yatakuonyesha sehemu ya tatizo ambayo mafunzo hayawezi kuitatua. Makufuli yakiwa hayapo, dawa ni kuyanunua. Mkufunzi anayewafundisha watu kutumia vifaa ambavyo hawana hupoteza imani yao ndani ya nusu saa ya kwanza, na hakuna mbinu ya darasani itakayoirudisha. Lipeleke suala hilo kwa menejimenti mapema, na siku ya mafunzo uje na jibu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba vifaa vitafika mwezi ujao.

Kisha liandike lengo kwa vitendo vinavyoonekana. Ukiandika kwamba washiriki "wataelewa umuhimu wa usalama", hutajua kamwe kama umefanikiwa. Andika kwamba kila mshiriki ataweza kuifungia mashine ya kujazia chupa, kuiondoa hewa iliyobanwa iliyobaki ndani yake na kuthibitisha kwamba haiwezi kuwaka, bila kuongozwa na mtu. Chochote kisichosaidia kufikia lengo hilo kiondoe. Hapa ndipo wakufunzi wengi hushindwa, kwa sababu ni vigumu kuiacha ile sehemu ya historia ya usalama kazini au orodha ya vifungu vya sheria uliyoiandaa kwa bidii. Iweke kwenye kijitabu cha kusoma baadaye, na muda wa darasani uuache kwa ajili ya kazi.

Hatua ya pili: Wajue watakaokaa mbele yako

Orodha ya majina haitoshi. Unahitaji kujua nani ana miaka mingi kazini na nani ameajiriwa juzi, nani atatoka zamu ya usiku, na nani ni mkubwa wa nani.

Fahamu pia uwezo wa kusoma. Katika viwanda vingi yupo mfanyakazi hodari, anayeijua mashine kwa mlio wake, lakini kusoma kwake ni kwa shida na amelificha hilo kwa miaka. Ukimwinua ghafla asome slaidi kwa sauti mbele ya vijana anaowaongoza, hutamsikia tena siku nzima, na pengine wenzake nao watanyamaza kwa kumwonea huruma. Tumia picha za mashine zao wenyewe, tumia vifaa halisi, na kazi ya kusoma au kuandika mwachie anayejitolea. Lugha nayo iwe ile ya sakafuni kiwandani. Kama watu husema swichi, valvu, kompresa na paneli, sema hivyo hivyo, na slaidi za Kiingereza zilizoletwa na muuzaji wa mashine zifanyiwe kazi upya kabla ya kuonyeshwa.

Suala la vyeo linahitaji uangalifu zaidi. Meneja akikaa safu ya mbele, vibarua hujibu kile wanachodhani anataka kusikia. Hata hivyo, msimamizi asiposhiriki kabisa, ndiye atakayewaambia kesho yake waachane na "mambo ya semina" wakimbize kazi. Njia niliyoiona ikifaa ni kukutana na wasimamizi peke yao kwanza, kuwafundisha somo lile lile, kisha kuwaomba wahudhurie sehemu ya vitendo na, kwenye mjadala, wazungumze mwisho.

Ikiwa wewe ni kijana na unawafundisha watu wa rika la wazazi wako, adabu ya kawaida isibaki mlangoni. Waamkie shikamoo wanaostahili kuamkiwa hivyo. Waite kama wanavyoitwa kazini, mzee fulani, mama fulani, kaka au dada fulani, na usimwite mtu mzima "wewe mwenye shati la bluu". Heshima hiyo haikupunguzii mamlaka hata kidogo. Mtu akishaheshimiwa mbele ya wenzake, huwa tayari hata kukiri kwamba kuna jambo halijui.

Hatua ya tatu: Panga muda unaoheshimu mwili na kipato

Aliyemaliza zamu ya usiku apelekwe nyumbani akalale, kwani hakuna mbinu inayoshinda usingizi wa mtu aliyekesha. Mafunzo yafanyike ndani ya saa za kazi zinazolipwa, kwa sababu anayeitwa siku yake ya mapumziko bila malipo huja na kinyongo, na kinyongo hicho ni halali. Mwezi wa Ramadhani, vipindi vizito viwekwe asubuhi, na Ijumaa ratiba iache nafasi ya swala.

Kama kuna posho au nauli, eleza mwanzoni kabisa ni kiasi gani, italipwa lini na kwa njia gani. Swali la posho lisilojibiwa hukaa kichwani mwa mtu siku nzima, na kila unapofungua nafasi ya maswali ndilo litakalotangulia. Hotuba ya mgeni rasmi nayo, ikiwa haikwepeki, iwe ya dakika chache au iwekwe wakati wa kufunga. Asubuhi, akili zikiwa bado mbichi, ni saa ya thamani mno kuitumia kwa salamu za itifaki.

Vipindi vinne vya saa moja moja, kimoja kila wiki, vina faida kuliko siku moja ndefu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri na kusahau, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi kubwa katika saa za mwanzo baada ya kujifunza, na kwamba kujifunza kulikotawanywa kwa siku kadhaa kunahitaji marudio machache kuliko kule kulikorundikwa pamoja. Kiwanda kikishindwa kutoa siku nne, angalau gawa siku moja iwe nusu siku mbili.

Hatua ya nne: Anza na uzoefu wao

Dakika 20 za mwanzo ndizo zinazoamua. Baada ya salamu na maelezo mafupi ya ratiba, weka kando projekta na uulize swali ambalo wao ndio wenye majibu. Katika somo letu swali linaweza kuwa: "Nani kati yetu amewahi kuona mashine ikiwaka wakati mwenzake bado anaishughulikia?" Nyamaza, usubiri. Atakapozungumza wa kwanza, wengine watafuata, na mara nyingi chumba kitabadilika kabisa, kwa kuwa sasa wanazungumza mambo yaliyowapata.

Yaandike kwenye bango kitita kwa maneno yao wenyewe, bila kuyatafsiri katika lugha ya kitaalamu na bila kusahihisha kwanza. Mmoja akisema "jamaa alirudisha umeme akidhani tumemaliza", andika hivyo hivyo. Mkishapata visa vitano au sita, uliza ni kitu gani kimoja ambacho kingezuia kila kimojawapo. Kundi lenyewe litafika kwenye wazo la kufuli lenye ufunguo mmoja unaobaki kwa mwenye kazi, kabla hujalitaja. Hapo somo linakuwa lao, na kazi yako iliyobaki ni kulinyoosha.

Mmarekani Malcolm Knowles, aliyeandika sana kuhusu namna watu wazima wanavyojifunza, alisisitiza kwamba mtu mzima huja na akiba ya uzoefu, na ukiupuuza uzoefu huo huhisi umempuuza yeye mwenyewe. Ndiyo maana sipendelei kuanza na michezo ya kurushiana mpira na kutaja tunda ulipendalo. Mchezo usiohusiana na kazi humfanya mzee wa miaka 55 ajihisi amerudishwa shule ya msingi.

Kabla ya visa hivyo kusimuliwa, ni lazima uwe umekubaliana na menejimenti, na uwatangazie washiriki, kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa alichokisema humo ndani. Usipoipata ahadi hiyo, usiwaombe watu wajiweke hatarini. Tumia visa visivyotoka katika kiwanda hicho. Na kama kuna mwenzao aliyeumia vibaya au kufariki, usimlazimishe yeyote kusimulia. Mwache anayetaka aseme, na umpe muda wake.

Hatua ya tano: Onyesha, fanyisha, rudia

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ililazimika kuwafundisha haraka mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kufanya kazi viwandani. Mpango ulioendeshwa kati ya mwaka 1940 na 1945 uliwapa wasimamizi hatua nne za kufundisha kazi: mwandae mfanyakazi, mwonyeshe kazi, mwache aijaribu, kisha umfuatilie. Hatua hizo hazijazeeka, na kwa kazi ya mikono sijaona utaratibu unaozishinda.

Wapeleke washiriki kwenye mashine yenyewe, wasizidi sita kwa wakati mmoja, ili kila mmoja aone mikono yako. Waarifu wote wanaoitumia mashine kwamba inazimwa, kisha izime kwa kitufe chake cha kawaida. Nenda kwenye paneli, ushushe swichi kuu, utie kufuli lako na ufunguo uuweke mfukoni mwako mwenyewe. Ning'iniza lebo yenye jina lako na saa. Funga valvu ya hewa na uitoe iliyobaki hadi geji isome sifuri. Wasikie mlio wa hewa ikitoka, kwa sababu mlio huo utawakumbusha kuliko maelezo yoyote kwamba mashine iliyokatwa umeme bado inaweza kuwa na nguvu ndani. Kisha, baada ya kuhakikisha hakuna mtu karibu na sehemu zinazozunguka, rudi ukabonyeze kitufe cha kuwasha.

Mashine ikikaa kimya, waulize kwa nini umekibonyeza. Ni hatua inayorukwa kuliko zote, na jibu lake karibu kila mara hutoka kwa fundi mkongwe: lebo za paneli zinaweza kuwa zimekosewa, na swichi uliyoishusha ikawa ya mashine ya jirani. Mwache aeleze yeye. Dakika hiyo moja, ambapo mzoefu anakuwa mwalimu, ina uzito kuliko slaidi zako zote kuhusu hatari ya umeme. Malizia kwa kukirudisha kitufe kwenye nafasi ya kuzima, na ueleze sababu.

Onyesha mara tatu: kwanza kwa mwendo wa kawaida, kisha polepole ukitaja jambo la kuzingatia katika kila hatua, halafu mara ya tatu ukitaja sababu. Baada ya hapo kaa pembeni. Mshiriki afanye mwenyewe, kisha arudie huku akieleza. Ukiona mkono wako unatamani kuingilia, jizuie mpaka uone kosa lenye madhara. Anayekosea swichi kwenye zoezi linalosimamiwa anajifunza kitu ambacho hatakisahau, ilhali anayeshikwa mkono hadi mwisho hujifunza kukutegemea.

Hatua ya sita: Uliza maswali yanayostahili akili ya mtu mzima

"Tumeelewana?" si swali. Jibu lake ni "ndiyo" ya pamoja, na halikwambii chochote. Wape hali halisi yenye ugumu wa kweli. Kwa mfano: ni saa nane usiku, kufuli la fundi wa zamu iliyopita bado liko kwenye swichi, yeye amekwenda nyumbani na ufunguo, simu yake haipatikani, na lori la mzigo linafika alfajiri. Mnafanya nini?

Wagawe watatu watatu, uwape dakika saba, kisha kila kundi litetee uamuzi wake. Wapo watakaosema kufuli likatwe, na wapo watakaosema lisiguswe hadi asubuhi. Waache wabishane kabla hujatoa msimamo. Mwishoni waongoze kwenye utaratibu unaokubalika: kuhakikisha kwamba mwenye kufuli kweli hayupo kiwandani, kuendelea kumtafuta, kuikagua mashine, kufuli kuondolewa na msimamizi aliyepewa mamlaka hayo kwa maandishi, na mwenyewe kuarifiwa kabla hajaanza kazi tena. Kama kiwanda hakina utaratibu huo, mjadala huu ndio utakaoufichua.

Makundi madogo si fasheni ya wataalamu wa kigeni. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi, wakajadili hali ya kijiji chao, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Mpangilio wa kusikia, kujadili na kutenda, kwa utaratibu huo na bila kuchelewa, ulifanya kazi kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasani, na unafanya kazi hadi leo.

Kuhusu watu wagumu, wa kwanza ni mzungumzaji asiyekoma. Mpe jukumu: awe mwandishi wa kundi, au asikilize hoja za wengine na kuzifupisha. Mkimya usimvizie kwa swali mbele ya wote; zungumza naye wakati wa chai, na kama ana la maana mwombe ruhusa ulitaje kwa jina lake. Wa tatu, ambaye wakufunzi humwogopa bila sababu, ni mpinzani. Anaposema "haya mambo hayawezekani hapa kwetu", mara nyingi anasema kwa sauti kile ambacho nusu ya chumba inakiwaza. Muulize ni hatua ipi hasa isiyowezekana na kwa nini, uiandike, mwifanyie kazi pamoja.

Hatua ya saba: Pima kumbukumbu bila kumwaibisha mtu

Saa ya baada ya chakula cha mchana ipewe vitendo. Usitoe mhadhara wakati huo. Simu zikusanywe tu ikiwa washiriki wenyewe wameafiki, na mtu mwenye mgonjwa nyumbani aachwe na yake.

Kila kipindi kianze kwa kukumbuka kile kilichopita, madaftari yakiwa yamefungwa. Watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walibaki na mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma tena na tena, ingawa dakika chache baada ya somo wale wa kusoma tena ndio walioonekana kufanya vizuri. Hilo linaeleza kwa nini mafunzo yanayokwenda laini, ambapo kila mtu anatikisa kichwa, mara nyingi hayaachi alama.

Kupima huko kufanyike wawili wawili, mmoja akimweleza mwenzake hatua zote na mwenzake akijazia. Usisome alama za watu hadharani wala usipange nani wa kwanza na nani wa mwisho. Ambaye hajaweza apewe nafasi nyingine kwenye mashine, peke yake na wewe.

Hatua ya nane: Wafuate kazini

Donald Kirkpatrick alipendekeza mwaka 1959 kwamba mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: washiriki wameyapokeaje, wamejifunza nini, wamebadili nini kazini, na taasisi imepata matokeo gani. Taasisi nyingi huishia ngazi ya kwanza, kwa dodoso linalouliza kama ukumbi ulikuwa mzuri na chakula kilitosha. Ngazi ya tatu ndiyo inayokuhusu zaidi wewe mkufunzi, na haiwezi kujazwa ukiwa umekaa ofisini.

Rudi wiki moja baadaye, kwenye zamu ile ile uliyoitazama mwanzoni, na uangalie kinachotokea chupa inapokwama. Rudi tena baada ya mwezi. Mwombe msimamizi naye aulize swali moja kila mkutano wa kuanza zamu: "Jana nani alifungia mashine, na alikutana na kikwazo gani?" Swali hilo lina nguvu kuliko cheti, kwa kuwa linawaonyesha wafanyakazi kwamba jambo hilo bado linatazamwa.

Mwisho, yale yote yaliyoandikwa kwenye bango kitita ambayo hayakuwa ya mafunzo, kama vile makufuli yasiyotosha, swichi iliyo mbali na lebo za paneli zilizofutika, yaorodheshe kwenye ukurasa mmoja. Upeleke kwa menejimenti ndani ya siku tatu, kila jambo likiwa na jina la mhusika na tarehe ya kulimaliza, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo karibu na mashine. Lililotekelezwa lipigwe mstari hapo hapo ubaoni, na lililokataliwa liandikiwe sababu yake, ili utakapowaita watu hao hao kwenye mafunzo mengine wajue kwamba walichokisema mara ya kwanza kilifika mahali.